Karoti za Marehemu Kristiana

Mwaka huo wa sabini na tano redio ilikuwa ikihimiza kila nyumba iwe na bustani ya mboga, na hapo Katandala benchi la Eustace, muuza kahawa, lilikuwa halikosi watu asubuhi. Siku hiyo Sebastiani, fundi baiskeli ambaye kijiwe kilimwita Spoku, alifika kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe, Kristiana. Wiki moja kabla homa haijamwangusha, marehemu alikuwa amesia mbegu za karoti nyuma ya nyumba. Sasa zilikuwa zimeota, zimesongamana kama nywele, majani yameanza umanjano. Kila kukicha Sebastiani alitoka kwenda kuzipunguza. Akiinama, mkono unakataa.

— Jamani, nizing'oe au niziache?

— Ziache, Spoku, alisema Redio, mzee ambaye habari zote za mtaa zilianzia kwake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Karoti zikibanana, zinasukumana kwenda chini.

— Mwongo huyo! alidakia Bwana Shamba, ambaye shamba lake lote lilikuwa mdomoni. Punguza, ila ng'oa zilizonona, acha dhaifu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni!

— Ung'oe zilizonona? alishangaa Redio. Zilizobaki zitagoma! Kule Kaoze mtu alipunguza nusu tuta, nusu ya pili ikanyauka kwa kilio.

— Basi asiguse kabisa, alijibu Bwana Shamba. Zitaungana huko chini, siku ya kuchimba atoe karoti moja, nene kama paja la ng'ombe.

Siku nyingine benchi zima lingevunjika mbavu. Hakuna aliyecheka.

— Alizisia kwa mkono wake, Sebastiani alisema taratibu. Nikishika hata moja, naona kama namfukuza.

Eustace akamwongezea kahawa bila kuombwa.

Ndipo akatokea Marsiana, mdogo wa marehemu, ameshuka kwenye lori la kutoka Chala. Akawaamkia wazee, wakaitikia. Maneno ya mwisho alikuwa ameyasikia.

— Shemeji, dada alikuwa akiachia nafasi kiasi gani?

Redio akamtazama Bwana Shamba. Bwana Shamba akatazama kikombe chake. Sebastiani alitafuta kichwani miaka kumi na minane ya ndoa, asione kitu.

— Sijui, shemeji. Mimi nilikuwa nakula tu.

Akainuka, wakaenda nyumbani pamoja. Bustanini Marsiana akalaza vidole vitatu juu ya udongo, kati ya mche na mche.

— Hivi. Ndivyo mama alivyotufundisha.

Sebastiani akapiga magoti, akang'oa mche wa kwanza. Harufu ikapanda, kali na tamu: harufu ya mikono ya Kristiana alipokuwa akiingia ndani jioni, na Sebastiani miaka yote akidhani ni sabuni. Alilia waziwazi, mbele ya shemeji yake, bila kuacha kung'oa, mpaka mwisho wa tuta.