Elinaza Mfinanga, Aliyepiga Dramu kwa Mkono Mwepesi

Mchungaji, ndugu na majirani, maneno haya ameyaandika Filomena, mama mzazi wa marehemu, nami Alfonsi, mjomba wake, nayasoma kama alivyoyaandika.

Elinaza nilimzaa Same tarehe 3 Juni 1990, tukahamia Tabata mwaka 1996, akasoma hapo hadi kidato cha nne mwaka 2008, hesabu alifeli, lakini redio za mtaa mzima alizitengeneza yeye. Mwaka 2011 alifungua kibanda cha ufundi wa spika, akaanza pia kupiga dramu kwenye kwaya ya usharika wetu, kwa nguvu hata majirani wakaniuliza kama nilimlea kwa mawe. Alifunga ndoa na Loveness tarehe 15 Septemba 2018, wakajaliwa mtoto mmoja, Hope, ambaye sasa ana miaka sita.

Februari 2023 moyo wake ulikutwa umepanuka, madaktari wakamkataza kutumia nguvu, naye akatafuta triga, kifaa kidogo kinachobanwa kwenye ukingo wa dramu kikagusa ngozi yake, ngozi ikitikisika kidogo tu kinapeleka habari kwa waya hadi kwenye kisanduku, na kisanduku kinatoa kwenye spika pigo zito lililorekodiwa. Nilimwambia mbele ya mkewe kwamba huko ni kudanganya waumini, na Jumapili tatu nikasali ibada ya kwanza ili nisimsikie.

Jumamosi moja alinikalisha kwenye dramu akanipa fimbo, nikagonga kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa, ikatoka sauti niliyoizoea tangu 2011, kumbe mapigo yaliyomo ni yake, aliyarekodi mazoezini kabla hajaugua, na kisanduku hukaa kimya mpaka mkono wa mtu uguse. Sikuomba radhi, nilirudi tu ibada ya pili.

Alilazwa tarehe 2 Novemba 2025, akafariki Jumatano tarehe 12, saa kumi alasiri, mimi na Loveness tukiwa naye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kuteka maji, na mafundi wenzake mliofunga spika hizi. Kwaya waliniuliza nani apige leo, nikasema Hope, mkono wake mdogo unatosha, mtakachosikia ni baba yake.

Elinaza, neno lile nililolisema mbele ya mkeo, leo nalifuta mbele ya watu wote. Pumzika, baba, usiinuke kurekebisha waya, tumeshazifunga.