Mwenye Kia ya Kijivu

Waliokuwapo kijiweni asubuhi ile ya Jumanne walikuwa watano. Wa kwanza ni Mama Birika, mwenye jiko, vikombe kumi na viwili na sauti ya kuamsha mtaa. Wa pili ni Spana, fundi magari, ambaye karakana yake inatazamana na benchi, hivyo hakuhesabiwa kuwa ametoroka kazi. Wa tatu ni Mapazia, mshonaji, mwenye sindano mbili zilizochomekwa kwenye ukosi tangu lini hakuna ajuaye. Wa nne ni Bunge, mlinzi wa shule aliyetoka zamu, mtu asiyewahi kushindwa hoja wala kuwa nayo. Wa tano alikuwa Karani, mzee mkimya aliyefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo, na ambaye hadi leo akisikia jina la mtu huuliza linaandikwaje. Nafasi ya sita, ile ya mwisho wa benchi karibu na nguzo, ilikuwa wazi. Hiyo ni ya Mkorea, jina alilopewa kwa ajili ya gari lake la Kikorea, na hakuna aliyeikalia.

Karani alikuwa na barua katika mfuko wa ndani wa koti. Aliiandika Jumapili mchana kutwa, akaichana, akaiandika upya. Ilikuwa barua ya shukrani. Kwa miezi kumi na minne Mkorea alimpeleka mke wa Karani hospitali kila Jumanne katika Kia yake ya kijivu, na wiki iliyopita daktari alimwambia yule mama aende akapumzike, asirudi mpaka nusu mwaka upite. Barua ilikuwa tayari yote, isipokuwa mstari wa kwanza. Baada ya maneno “Kwa Bwana” palikuwa na nafasi tupu. Karani hakulijua jina la mtu anayemshukuru. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi; na huyu aliyewaandika maelfu, jirani yake wa benchi alikuwa hajamwuliza. Leo alikusudia kumvuta pembeni kabla hajakaa, amwulize taratibu, asisikie mtu.

— Mkorea kachelewa, alisema Mama Birika huku akimimina. Kahawa yake inapoa.

— Atakuwa anaosha gari, Mapazia akasema. Jana lilirudi na matope mpaka kwenye vioo.

— Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, Bunge akatamka.

— Methali hiyo haihusu kuosha gari, Karani akasema.

— Mzee wangu, maji yapo, kuoga kupo. Unataka nini tena?

Mama Birika alikifunika kile kikombe kwa kisahani.

— Ila ndugu yetu anapitwa na wakati, Bunge akaendelea. Juzi pale kwenye taa nimeona gari jipya, linang'aa kama sufuria ya bi harusi. Nikasoma nyuma: KN. Basi hiyo ndiyo kampuni inayokuja kuimaliza Kia.

Spana alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— We Bunge! Ndiyo Kia yenyewe hiyo! Wamebadilisha mwandiko tu.

— Mbona wameandika KN?

— Wameandika Kia bila kuinua kalamu. Wala usione haya, wengi wameisoma kama wewe.

— Jina likiandikwa vibaya, mwenyewe hupotea, Karani akasema, na papo hapo akatamani asingesema. Barua ilimchoma kifuani.

— Hivi hao Wakorea walianzaje? akauliza Mapazia. Maana nilipokuwa mdogo sikuwasikia.

— Walianza na baiskeli, Spana akajibu. Mabomba ya chuma na vipuri vya baiskeli, mwaka wa arobaini na nne. Baadaye ndipo pikipiki, baadaye magari.

— Baiskeli! Bunge alisimama kabisa. Nimeelewa sasa! Ndiyo maana la Mkorea linapanda ule mlima wa hospitali na watu watano ndani. Lina damu ya baiskeli. Lipigeni picha ya eksirei, mtakuta pedali.

— Kaa chini, unatumwagia kahawa, Mama Birika akamkemea.

— Ndege wafananao huruka pamoja, mama.

— Na hiyo nayo? akauliza Karani.

— Baiskeli na Kia, mzee, zote zina magurudumu.

Mapazia alitikisa kichwa.

— Lakini zamani watu walizicheka. Ukiwa na Kia, unaulizwa kama umekosa gari. Mjomba wangu aliegesha yake nyuma ya nyumba, wageni wasiione.

— Na sasa?

— Sasa wale wageni wanakuja kuiazima.

— Si kucheka tu, akasema Spana. Mwaka wa tisini na saba kampuni ilifilisika kabisa. Mwaka uliofuata ikachukuliwa na Hyundai, ndipo ikainuka tena.

— Asiyefunzwa na mamaye, Bunge akasema, hufunzwa na Hyundai.

Hata Karani alicheka, na ni nadra kuyaona meno ya Karani. Bunge alipoona hivyo akavimba. Akasogea ukingoni mwa benchi, akashusha sauti kama mtu mwenye siri ya serikali.

— Sasa niwaambie msichokijua. Kule kiwandani, gari likimalizika haliendi moja kwa moja melini. Linapitishwa kwanza mbele ya bibi mmoja mzee sana. Bibi analipapasa boneti, analiuliza: utamfaa nani? Likinyamaza, linarudishwa kuyeyushwa. Hili la Mkorea lilijibu: wagonjwa.

— Bibi anajua lugha ya magari?

— Ana cheti.

— Na bibi akifa? akauliza Mama Birika.

— Anakaa bintiye. Kazi ya ukoo hiyo.

— Ushahidi, akasema Karani.

— Ushahidi ni harusi ya mpwa wangu! Lilizima katikati ya barabara, bwana harusi akasukuma na suti yake. Lakini mke wangu aliposhikwa na uchungu, lilikwenda kama limepakwa siagi. Gari lile sherehe halitaki. Limeumbiwa wagonjwa.

— Siku ya harusi liliishiwa petroli, Spana akasema. Nililipelekea mimi mwenyewe kwa kidumu.

— Na kwa nini liliishiwa siku ile, isiwe nyingine? Umewahi kujiuliza?

Ni kweli, Spana hakuwahi kujiuliza.

— Mimi sijui habari za bibi, akasema Mapazia polepole. Najua mama yangu. Miguu ilipomkataa, Mkorea aliingia mpaka chumbani, akambeba kama mtu anayebeba hariri ya mteja. Akamweka kiti cha mbele, akaweka mto kati ya mkanda na kifua chake, usimwumize. Mto alikuja nao. Mimi nashona mito, ndugu zangu, na sikuwaza kuchukua mto.

— Mimi je? akasema Spana. Mwanangu alipobanwa na pumu, karakana ilikuwa na magari saba, na hakuna hata moja lenye injini kamili. Fundi mzima nikakimbia kugonga mlango wa Mkorea. Tangu siku ile lile gari nalitengeneza mimi, na yeye hukubali kwa sharti moja: akae hapo chini na mimi, anipe spana. Hajui ya namba kumi wala ya kumi na mbili, ananipa tu.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Bunge akasema.

Karani alifikiri kidogo.

— Hiyo, akasema, imekaribia.

— Basi leo nimefaulu! Lakini na mimi nisipite hivi hivi. Binti yangu alizaliwa kwenye kiti cha nyuma, mbele ya geti la hospitali, hatukuwahi hata kushuka. Nyumbani tunamwita Kia. Mama yake hataki, lakini mtoto ukimwita hivyo anakuja mbio.

— Na mimi nilipoungua mkono huu kwa maji ya moto, akasema Mama Birika, nani alikuja kukaa hapa akauza kahawa wiki nzima? Aliuza vibaya, aliwapa watu bure, lakini jiko halikuzimika. Akamgeukia Karani. Mzee Karani, wewe uko kimya. Na safari zako zote zile?

Karani aliweka kikombe chini. Hakuzoea kusema mambo ya nyumbani kwake barabarani.

— Jumanne hamsini na tisa, akasema. Hakukosa hata moja. Mke wangu akitoka kwenye matibabu hutapika njiani. Mkorea aliweka ndoo na taulo nyuma ya kiti. Tukifika huiosha ile ndoo mwenyewe, na akiiosha hupiga mluzi, kama mtu anayeosha kikombe cha chai. Mke wangu aliniambia, “Ule mluzi ndio ulionitoa aibu.” Hii ni Jumanne ya kwanza hatuendi. Nimekuja kumshukuru. Nimemwandikia barua.

— Barua! akasema Bunge. Tusomee, mzee!

— Haijakamilika.

— Imepungukiwa nini?

Karani alikumbuka siku aliyoiona kadi ya lile gari, ikiwa na jina la mama mmoja muuza vitanda aliyemwuzia Mkorea kisha akahama. Alimwonya mara mbili: bwana, badilisha jina kwenye kadi, jina si mchezo. Mkorea akacheka: “Gari lenyewe linanijua, mzee wangu.” Na yeye Karani, baada ya kuhubiri hivyo, hakuuliza swali lililobaki.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mwenye sare ya hospitali, anatembea haraka, mkononi ana daftari na ufunguo. Karani alimtambua. Ni yule wa mapokezi, aliyemwuliza mkewe jina kila Jumanne.

— Hamjambo.

— Hatujambo, dada. Karibu kahawa.

— Asante, sikai. Hapa ndipo benchi la kahawa, mbele ya karakana?

— Ndipo hasa, akasema Spana.

— Mnamfahamu mwenye Kia ya kijivu?

Wakajibu wote kwa pamoja: ndugu yetu, Mkorea, tunakaa naye hapa hapa, nafasi yake hiyo. Mwanamke alilifungua daftari.

— Hili lilikuwa kwenye gari. Juu ameandika kwamba likipotea lirudishwe hapa. Anaandika majina ya watu anaowaleta, ili mapokezi wasicheleweshwe.

Alimpa Karani. Karani alivaa miwani, akafunua. Majina yalikuwa kamili, ya kila mtu, hadi la babu. La mama yake Mapazia lilikuwamo. La mtoto wa Spana. La binti wa Bunge, lile la kwenye cheti, na pembeni yake neno Kia limeandikwa kwa herufi ndogo. La mkewe Karani lilikuwa mara hamsini na tisa, na kila mara lilikuwa na ile herufi ya katikati ambayo hata ofisini kwake vijana waliisahau.

— Nimeyahesabu, akasema yule mwanamke. Humu wamo watu sabini na wawili. Yeye hamo. Jina lake kamili nani?

Mapazia alitoa simu, akatafuta. Palikuwa na “Mkorea”. Ya Spana ilikuwa na “Mkorea Gari”. Ya Mama Birika, “Mwanangu Mkorea”. Bunge alifumbua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe, hakikutoka kitu, hata methali. Wote wakamtazama Karani. Karani alitoa barua, akautazama mstari wa kwanza, akairudisha mfukoni.

— Sijui, akasema.

— Kwenye kadi ya gari kuna jina la mwanamke.

— Si lake. Ni la aliyemwuzia.

— Sisi kule tunamwona kila wiki, akasema mwanamke, lakini hatukuwahi kumwandika. Hakuwa mgonjwa.

— Basi mngoje aje akwambie mwenyewe, akasema Mama Birika. Mkono wake ulikuwa juu ya kile kisahani. Kahawa yake hii hapa, nimemfunikia.

Mwanamke aliuweka ufunguo juu ya benchi, kwenye ile nafasi ya sita.

— Alikuja saa kumi na moja alfajiri, anaendesha mwenyewe. Akaegesha vizuri, akafunga milango, akakaa kwenye kiti cha mapokezi anachokaa siku zote. Tulidhani amemleta mtu. Amefariki saa kumi na mbili kasoro dakika kumi.