Mama Vijisahani na Seli Zilizogoma Kufa

Wasikilizaji wapendwa, leo nina huzuni, na si huzuni tupu. Nina hasira pia. Mniwie radhi.

Tunamkumbuka mtaalamu wa maabara aliyetutoka wiki iliyopita kwa maradhi ya moyo. Wenzake walimwita Mama Vijisahani. Kwa miaka kumi na tisa alikuza seli za saratani ya matiti kwenye vijisahani vya plastiki. Miaka kumi na tisa! Alizilisha huku akizisema kama watoto watukutu: "Kuleni, kuleni, siku zenu zinahesabika."

Kazi ya maabara yao ilikuwa kutafuta dawa ya kuzilegeza seli hizo, ili mionzi kidogo tu itoshe kuziua. Mkuu wa maabara akatangaza kwamba dawa imepatikana. Wanawake arobaini wakaandikishwa kuijaribu. Wangepigwa nusu ya mionzi, dawa ingemalizia.

Asubuhi moja Mama Vijisahani akafungua pipa la taka za maabara. Akakuta vijisahani kumi na moja vyenye mwandiko wake. Akavitazama kwa hadubini. Seli zilikuwa zimepewa dawa, zimepigwa mionzi, na bado zimezaana tele. Kumbe mkuu alihesabu zilizokufa tu. Zilizogoma kufa, alizitupa.

Akamfuata ofisini. Binti yake anakumbuka: "Mama alisema yule bwana hakuacha hata kutafuna biskuti. Alimwambia, 'Wewe kazi yako kuosha vyombo. Nani atakusikiliza?'"

Wanawake arobaini, wasikilizaji. Na yeye anatafuna.

Mama alivibeba vile kumi na moja hadi kwenye kamati ya maadili. Majaribio yakasimamishwa. Mkuu akapewa barua ya onyo. Barua tu! Mama akahamishiwa stoo, akapanga glavu hadi alipostaafu.

Fundi cherehani mmoja, aliyekuwa kati ya wale arobaini, alitupigia simu jana. "Nilipigwa mionzi kamili, nikapona. Huyo mama simjui hata kwa sura. Ningemjua, ningemshonea gauni la kutokea, bure kabisa."

Na juzi mazikoni, nani katokea na suti nyeusi? Mkuu. Akaomba kipaza sauti amsifu marehemu. Binti akamsogelea, akamwambia kwa adabu zote: "Shikamoo, mzee. Leo hapa husemi." Mkuu akarudi kukaa.

Mkuu huyo bado anafundisha chuoni. Jumatatu ana darasa.

Kwako binti, kwa baba yako, na kwa dada za marehemu, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote, na Mola ampumzishe pale pasipo na udhia.

Nasi tujitafakari. Maabara ile ilikuwa na wafanyakazi saba. Baada ya asubuhi ile, wote walijua. Aliyesema ni mmoja. Wewe unayenisikiliza ukiwa kazini sasa hivi, ungekuwa huyo mmoja, au ungekaa na wale sita?