Mama Mizani na Bei za Miji Miwili

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, Mama Mizani atarudisha kitambulisho chake mapokezi baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika Idara ya Bei. Ninavyomfahamu, atadai kwanza asainiwe mahali kwamba kimepokelewa, kisha aondoke na nakala.

Alianza kama karani wa kukusanya bei sokoni, akapanda hadi kuwa mkuu wa ripoti ambayo watu huisoma kabla ya kufunga mabegi: ile inayolinganisha gharama za maisha na nafasi za kazi kati ya mji mkuu wetu na mji mkuu wa nchi jirani. Kila mwaka alikaa wiki tatu hapa na wiki tatu kule, akiuliza bei ya vitu vilevile, vyumba vya aina ileile na kazi zilezile. Jina la utani lilitokana na mizani ndogo ya jikoni aliyoibeba kwenye mkoba. Muuzaji akimwambia mkate ni nusu kilo, aliupima palepale mbele ya wateja, macho makavu. Ndiye aliyegundua kwamba ule mkate wa kule tuliousifia kwa unafuu ulikuwa umepunguzwa gramu tisini.

Hakumwamini dalali yeyote. Chumba hakikuingia kwenye fomu yake kabla hajafungua bomba na kuhesabu hadi ishirini, aone kama maji bado yanatoka. Kodi ya kule ilipendeza masikioni mpaka alipouliza ni miezi mingapi inayolipwa mbele. Lakini matangazo ya kazi ndiyo yaliyomkera zaidi. Kampuni moja ilitangaza nafasi ya mhasibu miaka mitatu mfululizo, naye akaenda getini kuuliza kama wahasibu wao wanakufa kila mwaka. Mlinzi alicheka, akamweleza kwamba kiti kile kilishakaliwa siku nyingi na shemeji wa mwenye kampuni. Tangu hapo tangazo halikuhesabiwa mpaka Mama Mizani ampate mtu mmoja aliyeajiriwa kwa tangazo hilo, tena asiye na ndugu ofisini.

Sasa niseme jambo ambalo halimo kwenye faili. Miaka minne iliyopita binti yake wa pekee, fundi wa maabara, aliitwa kazini kule. Binti akasema atasubiri ripoti ya mwaka ule: ikisema kule kunalipa, ataondoka, ikisema hakulipi, atabaki. Ofisi nzima tuliguna. Mama ni mjane, nyumbani wako wawili tu, na kalamu iko mkononi mwake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tulinong'onezana kwenye korido, kwa hiyo hizo namba tuzitazame kwa jicho la pili. Mkurugenzi akaniita, akafunga mlango, akaniagiza nichukue likizo, niende kule nikarudie bei zake moja moja bila yeye kujua.

Nakiri kwamba nilikwenda nikiwa nimeshamhukumu. Nilitafuta kodi iliyotiwa chumvi, mshahara uliopunguzwa, nafasi ya maabara iliyofichwa. Nilifungua mabomba, nikapima mikate, nikasimama kwenye mageti ya watu. Siku ya nane dalali mmoja akaniuliza kwa nini ofisi yetu inatuma watu wawili kuulizia chumba kimoja. Bei zake zote zilikuwa sahihi. Tulitofautiana mahali pamoja tu: mimi nilipata hospitali mbili zinazoajiri watu wa maabara, yeye alikuwa amepata nne. Ya nne iko nje kabisa ya mji, basi haifiki, na wafanyakazi wa pale walinithibitishia kwamba yule mama alikuja kwa miguu. Ripoti ikatoka bila kubadilishwa neno: kwa fundi wa maabara, ukishatoa kodi, nauli na chakula, kule kunalipa mara mbili ya hapa. Binti akaondoka mwezi uliofuata. Mama alimsindikiza alfajiri, na saa nne alikuwa mezani kwake akikagua bei za sabuni. Hakuna aliyethubutu kumpa pole.

Nilidhani safari yangu imebaki siri. Mwezi uliopita aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango na kuketi. "Mdogo wangu," akasema, "yule dalali aliniambia wiki ileile. Sikukasirika. Ningekuwa mimi, ningetuma watu wawili."

Kisha akanieleza kilichomleta. Binti anataka ahamie kule, na yeye hawezi kujifanyia hesabu hiyo kwa sababu anajua roho yake inakotaka kwenda. Nichukue pensheni yake, kodi ya chumba, dawa za presha, na kazi yoyote anayoweza kuipata mtu wa umri wake, nimwambie ukweli. "Na usinionee huruma," akaongeza, "maana nitajua."

Hapa ndipo nami nilipojifahamu. Katika jengo hili hakuna mwingine anayeniambia usoni kwamba nimekosea, na nilitamani namba zimbakize. Bei ya dawa kule hutofautiana sana. Ningechukua ya duka la ghali, hesabu ingepinda, na nani angejua? Nilikaa na ile fomu siku mbili. Kisha nikaandika bei ya kweli: pensheni inatosha, na chuo kimoja kinatafuta mtu wa kufundisha makarani siku mbili kwa wiki. Alisoma mstari kwa mstari, akapigia simu maduka matatu ya dawa kuhakikisha, akakunja karatasi, akalia.

Dada, idara inakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja ya kutomwamini mtu, sisi tukiwemo. Uishi kwa amani huko uendako, ukiwa karibu na mwanao, na afya ikukae. Ripoti ya mwakani, niliyopangiwa mimi, nimemwomba Mkurugenzi ampe mtu mwingine. Mimi sasa siaminiki, kwa maana nina sababu ya kutaka kule kuwe kuzuri.