Kaunta ya Mama Mizani

Baada ya miaka 36 na miezi minne ya kurekebisha mizani za wodi, maabara na maghala, Mama Mizani anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28. Saa nne asubuhi atakabidhi funguo za karakana. Saa nne hiyohiyo, kwa mujibu wa tangazo la ofisi ya mawasiliano ya taasisi yetu, "tovuti zote zisizo rasmi" zitafutwa kwenye seva yetu. Nimezihesabu. Ipo moja, nayo ni yake.

Aliianzisha miaka 25 iliyopita, kwenye kompyuta iliyobanwa kati ya sinki na kabati la mawe ya mizani. Hakuna aliyemtuma. Aliiandika mwenyewe, alama moja ya msimbo baada ya nyingine, kwa rangi ya njano inayochoma macho, na juu yake maneno "Karibu mgeni, pita ndani" yakiwaka na kuzimika. Chini aliweka picha ya mtu mwenye sepetu na taarifa kwamba ukurasa bado unajengwa. Ujenzi huo haujaisha mpaka leo.

Humo alieleza kwa michoro yake namna ya kufufua aina 58 za mizani. Mafundi tusiowajua waliandika kwenye kitabu cha wageni. "Dada, ile springi ya kushoto ndiyo ilikuwa mchawi," aliandika mmoja. "Mizani ya watoto imepona." Waliandika watu 2,914, na aliwajibu wote.

Mimi wakati huo nilikuwa mbeba mizigo wa stoo. Alinifundisha kuandika kurasa saa ya chai, dakika 20 kwa siku, bila cheti wala sherehe. Leo nasimamia kompyuta za jengo zima. Wanaoniuliza nilisomea wapi, nawaonyesha sinki.

Lakini kilichomtambulisha ni kaunta ya wageni, ile namba chini ya ukurasa inayopanda kila mtu anapoufungua. Sheria yake ilikuwa kwamba mwenye nyumba hahesabiwi. Kila alipofungua tovuti yake alichora mstari kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya skrini, na kila Ijumaa aliitoa mistari hiyo kwenye kaunta. Niliwahi kumwambia anajisumbua. "Mizani ikidanganya kidogo tu, mtoto anapewa dawa isiyo kiasi chake," alisema. "Na hii nayo ni mizani."

Aliahidi kumtaja mgeni wa 10,000 juu kabisa ya ukurasa. Nikautaka huo ukubwa, nikafungua tovuti mara 63 kwa siku moja. Aliona zimetoka kompyuta moja, akazitoa zote 63, kisha akaandika kitabuni: "Kuna mgeni anabisha hodi tangu asubuhi. Jamani akae, chai ipo."

Tovuti mpya ya taasisi ina picha ya uzinduzi yenye uzito wa megabaiti nne. Kurasa zote 61 za Mama Mizani hazifiki moja na nusu. Tovuti mpya haina kitabu cha wageni, ina fomu ya maoni. Nimeijaza mara tatu kuomba ya kwake ibaki, na mara tatu nimejibiwa: "Tumepokea maoni yako."

Nilipompa habari, mwenyewe hakulalamika. "Waache, mwanangu, nimekula chumvi ya kutosha hapa," alisema. Akafuta meza yote, ndipo akauliza: "Ila wale wa kitabuni, watabisha hodi wapi?"

Kwa hiyo Jumanne niliihamishia kwangu, kwenye seva yangu binafsi: kurasa 61, kitabu cha wageni, njano yake na mtu wa sepetu. Anwani mpya nimewaandikia wale wa kitabuni, na nimeibandika kwenye mlango wa karakana. Sasa mwenye nyumba ni mimi, na karatasi ya mistari iko mezani kwangu.

Mama Mizani, asante kwa miaka yote hiyo, na kwa zile dakika 20. Pumzika ukiwa na afya na nafasi. Kaunta inasoma 41,207, zangu nimeshazitoa. Jumatatu ukiamka, fungua ukurasa. Safari hii unahesabiwa.