Anaweza, Hawezi, na Benchi la Marudi

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Mbarara. Asifiwe na ninyi mliokaa mbele, na asifiwe mara ya pili na ninyi mliokaa nyuma kabisa karibu na mlango, kwa maana ushuhuda wangu ni wa watu wa nyuma.

Mimi nimetoka Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi, na kabla ya Nakivale nilitoka Kivu ya Kusini. Kwetu naitwa Yaya. Ndivyo sisi Wakongomani tunavyomwita mtoto mkubwa wa nyumba, na jina hilo limenishika hata wazee wananiita hivyo. Baba yetu alichukuliwa na vita. Mama alitufikisha Nakivale, akatulimia msimu mmoja wa mahindi, kisha homa ikamlaza na hakuamka tena. Nilikuwa darasa la tano. Sare yangu ya shule niliipunguza ikawa gauni la mdogo wetu Faida, nami nikashika jembe la mama. Nyuma yangu walikuwa wawili tu: Mugisho, na huyo Faida ambaye bado alikuwa anabebwa mgongoni.

Sitawaeleza habari za njaa, mnaijua. Nataka kuwaeleza habari za Mugisho.

Ndugu zangu, Mungu alimpa mdogo wangu mikono ya ngoma. Alipokuwa mtoto alipiga jerikeni, sufuria, mlango wa jirani, chochote kilichotoa sauti. Kwaya ilipompa ngoma ya kweli, hata akina mama waliochoka na shamba walicheza. Alipokuwa kijana akaja hapa Mbarara kubeba magunia katika duka la Hajji mmoja, mfanyabiashara wa mahindi na maharage. Na hapa ndipo alipokutana na waragi, ile pombe kali ya vipakiti vidogo ambayo mtu anaing'ata kwa meno na kuimeza kabla hajafika ng'ambo ya barabara.

Hajji hakumtupa njiani. Alimleta mwenyewe mpaka mlangoni kwetu kwa lori lake.

"Binti yangu," aliniambia, "huyu kijana ana mikono mizuri na roho nzuri. Lakini hii kitu inamukula. Akipona, kazi yake iko."

Akakataa hata chai, akageuza lori.

Sasa niwaambie desturi ya kanisa letu. Nyuma, karibu na mlango, palikuwa na benchi: ubao mmoja wa mkaratusi juu ya magogo mawili. Tuliliita benchi la marudi. Aliyeonekana ameanguka katika dhambi alikaa pale peke yake. Haimbi, hapigi ngoma, hafiki kwenye Meza ya Bwana, mpaka siku atakaposimama na kutubu. Hakuna aliyelikalia kwa hiari yake. Kanisa likijaa, mama mwenye mtoto mgongoni alisimama ibada nzima kuliko kukalia ubao ule.

Mugisho alikaa pale, akatubu, akarudi kwenye ngoma. Msimu mzima wa maharage hakugusa kitu. Kisha akaanguka. Akakaa tena, akatubu, akaanguka tena. Na kila kwaya ilipoimba nilimwona kutoka mbele: amekaza uso kama jiwe, lakini vidole vyake vinapiga ule ubao, polepole, bila sauti.

Mara ya tatu wazee wa kanisa wakagawanyika.

Mzee Elia alisema, "Mungu hawezi kumwagiza mtu abebe gunia ambalo hawezi kuliinua, halafu amchape kwa sababu hakuliinua. Hata mimi, baba wa watoto, sifanyi hivyo. Kijana anaweza kuacha. Anakataa."

Mzee Byamungu, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, alimjibu, "Elia, unasoma Biblia gani? Tokea Adamu sisi wote tumezaliwa tumeharibika. Mtu aliyekufa utamwambia amka? Hawezi, mpaka Mungu mwenyewe amwinue."

"Kama hawezi, Mungu atamhukumu kwa haki gani?"

"Haki ya Mungu si ya baraza la kijiji, Elia!"

Waliyaanza kwenye kikao na hawakuyamaliza. Yakatoka nje, yakaenda mashambani, yakafika bombani. Kanisa zima likawa pande mbili, na tukazipa majina: Anaweza na Hawezi. Mama mmoja akishindwa kuinua jerikeni lake, wenzake humwambia, "Inua mwenyewe, mama, wewe si wa Anaweza?" Mwingine akichelewa kwenye palizi husema, "Munisamehe, miye ni wa Hawezi." Tulicheka. Hata mimi nilicheka, kisha nikaenda nyumbani na kicheko kikaniishia njiani, kwa sababu aliyekuwa anapimwa ni mtoto wa mama yangu.

Kama wazee wangekubaliana kwamba anakataa, angefutwa kanisani. Ninyi mliozaliwa kwenu labda hamjui maana yake. Kambini, kanisa ndilo ukoo. Ndilo linalokuzika, ndilo linaloleta uji ukiugua, ndilo linalosema ndiyo siku unaposa. Na kama wangekubaliana kwamba hawezi, angepelekwa kwenye kambi moja ya maombi ya mbali, ambako watu wa namna yake walifungwa kamba mpaka watulie. Mzee Byamungu alilipendekeza hilo kwa huruma, machozi yakimtoka. Lakini kamba ni kamba.

Basi wazee wakasema: mtu aliye chini ya marudi huletwa na mzazi wake. Hawa hawana mzazi. Yaya ndiye mama yao. Jumapili asimame mbele ya kanisa, yeye anayeishi naye nyumba moja, atuambie: Mugisho anakataa au anashindwa?

Ndugu zangu, wiki ile nililima bila kuona ninachokilima. Nikisema moyoni "anaweza," nakumbuka siku Faida alipougua, Mugisho akambeba mgongoni njia yote mpaka zahanati, akapita mbele ya wauza waragi bila kugeuza shingo. Nikisema "hawezi," nakumbuka asubuhi nyingine nilipomwona anakwenda kwa wauza hao hao huku analia, anakwenda na analia, kama mtu anayevutwa na ng'ombe.

Nilimuuliza mwenyewe tukiwa tunapukuchua mahindi. "Mugisho, niwaambie nini?"

Akasema, "Yaya, kama ningejua, ningekuwa nimeisha kukuambia. Kuna siku niko naweza. Kuna siku niko naangalia mikono yangu kama ya mutu mwingine." Kisha akatabasamu kidogo. "Useme tu ile benchi iko nguvu. Matako yanauma."

Ndipo Mungu alipoanza kunifungua, pale pale juu ya mahindi. Nilikuwa nimesifiwa miaka yote. Yaya ni imara, Yaya hakuanguka, Yaya aliweza. Nami nikajiuliza: niliwezaje? Siku ile tulipotoka kumzika mama, nilikuwa siwezi. Nawaambia kweli, nilikaa chini nikajua kabisa kwamba siwezi. Kisha Faida akalia, nikainuka, nikachota maji, nikawasha moto. Ni mimi niliyeinuka, maana miguu ilikuwa yangu. Na si mimi, maana nguvu sikuwa nazo. Kama mtu angeniuliza siku hiyo, Yaya, unaweza au huwezi, ningemjibu nini? Nikacheka peke yangu mpaka Mugisho akafikiri nimepagawa.

Jumapili ikafika. Kanisa lilijaa, Anaweza upande huu na Hawezi upande ule, kama arusini. Mchungaji akaniita mbele. Mzee Elia akauliza, "Binti yetu, tueleze. Anakataa au anashindwa?"

Nikasema, "Wazee wangu, baba zangu. Mmenisifu kwamba niliwalea hawa. Siku nilipoachiwa, sikuweza. Kesho yake nikaweza. Kama kuna mtu humu anayejua ilikuwa ni mimi au ni Mungu, basi huyo ndiye ajibu habari za Mugisho. Mimi swali hili sina jibu lake. Ninachojua ni mahali pangu pa kukaa."

Nikatembea katikati ya kanisa mpaka nyuma, nikakaa kwenye benchi la marudi, ubavuni kwa mdogo wangu.

Mugisho akaninong'oneza, "Yaya, rudi mbele, wewe hauna kosa."

Nikamwambia, "Sogea."

Faida akatoka kwenye safu ya wasichana wa kwaya, akaja akakaa. Kisha tukasikia hatua nzito, na Mzee Byamungu akaja nyuma, akafuta jasho, akasema, "Nimesema sisi wote tumeharibika. Sasa nilikuwa nakaa mbele kwa nini?" Akakaa. Ubao ukalia.

Mzee Elia aliangalia dari, akaangalia watu wake wa Anaweza, akaja naye. "Siwezi kumwacha Byamungu akae na wenye dhambi peke yake," alisema, "atawafundisha vibaya." Akajibana pale mwisho.

Na benchi likavunjika.

Ndugu zangu, tulianguka wote chini kwenye vumbi, wenye marudi na wazee, miguu juu. Faida alikuwa chini ya Mugisho, mimi chini ya Faida, na Mzee Elia hakuonekana kabisa, alikuwa nyuma ya mgongo wa Mzee Byamungu.

"Inuka, Elia!"

"Siwezi, umenikalia mguu!"

"Unaweza," Mzee Byamungu akasema kwa ile sauti yake, "unakataa tu."

Sijawahi kusikia kanisa likicheka vile. Anaweza walicheka, Hawezi walicheka, mchungaji aliegemea mimbari akashika tumbo. Mugisho alicheka mpaka akalia, na aliyemshika mkono na kumwinua alikuwa Mzee Elia, ambaye mwenyewe alikuwa bado anainuliwa na Mzee Byamungu. Hakuna aliyeuliza tena lile swali. Kamba haikutajwa, jina halikufutwa.

Sitawadanganya kwamba aliacha siku ile. Alianguka tena baadaye, na mimi nikakaa naye tena, na mara nyingine nilipofika nyuma nilimkuta Mzee Byamungu ameshafika. Uponyaji ulikuja kama mtoto anavyojifunza kutembea. Lakini ulikuja! Leo ni mwaka wa pili amerudi kwa Hajji hapa Mbarara, na Hajji alimpokea kama alivyosema. Yule kijana aliyewachezesha asubuhi hii kabla sijasimama, mkaniuliza ametoka wapi na ile ngoma, ndiye huyo.

Wazee wetu bado wanabishana, na mimi napenda kuwasikiliza, kwa sababu wote wawili wanampenda Mungu. Mimi niliachia darasa la tano, siwezi kuwaamulia. Lakini zamani nilidhani haki ya Mungu imekaa mbele pale, inatungoja tuinuke au tushindwe. Sasa najua Bwana wetu alipokuja hakukaa mbele. Alikwenda kula na wenye dhambi mpaka watu wakanung'unika, na mwishoni alihesabiwa kuwa mmoja wao. Nilipokaa na mdogo wangu nyuma, nilikuta Yeye ametangulia.

Kwa hiyo namshukuru Mungu, namshukuru kwa mama, kwa Mugisho, kwa Faida, kwa wazee wetu wawili. Na wewe uliyekaa karibu na mlango leo ili utoke haraka, usiyejua kama huwezi au unakataa, usingoje mpaka ujue. Mtegemee Yesu ukiwa hapo hapo ulipokaa. Ukija Nakivale utaliona benchi letu. Tumelitengeneza upya kwa mbao mbili, tena tumelirefusha. Halina jina sasa, anakaa yeyote. Tutasogea.