Dawa Ishirini Zilezile

Kwenye treni ya asubuhi, mshona viatu alijifanya kasinzia ili asikie vizuri. Mbele yake, mkemia alikuwa akimfokea mwenzake wa kazini, mtaalamu wa kompyuta.

"Miaka sita nashindilia gesi ya moto mtungini mpaka iyeyushe dawa, napima moja moja imeyeyuka kiasi gani. Leo programu yako inabashiri tu?"

"Haijakosea hata mara moja, dada. Ndiyo maana bosi kasema mtungi ung'olewe leo."

"Uliijaribu kwa dawa zipi?"

"Zile ishirini ulizonipimia."

"Na uliifundisha kwa zipi?"

"Hizohizo. Kwani ulinipa nyingine?"

Mshona viatu, ambaye hata gesi ya kupikia humpa shida, alifumbua jicho moja, akadakia.

"Umeitungia mtihani ambao majibu yake ilishapewa, halafu unaisifu kwa kufaulu!"

Treni ikasimama. Mkemia akachomoka mbio kuuwahi mtungi wake kabla haujang'olewa.